Nchi Iliyoamriwa Kupanda

Nchi hii haipo. Mwenye ramani asihangaike kuitafuta, na mwenye ndugu huko asiandike barua, haitafika. Msomaji akiona bendera yake inafanana na ile anayosimamishwa kuiheshimu kila asubuhi, hilo ni tatizo la macho. Aende akapimwe, kama kwao zahanati bado inafikika.

Katika nchi hiyo palikuwa na mtaa uitwao Mihogoni, na katika mtaa huo alikuwapo mama mmoja, Kidawa binti Mlanzi, muuza muhogo. Kidawa hakuwa mtu wa siasa. Siasa aliijua kama unavyomjua mbwa wa jirani: kwa kelele zake, na kwa kovu moja mguuni. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, Tausi, mwenye mimba ya miezi mitano, na mkwe mmoja, Hamduni, fundi baiskeli mwenye kucheka ovyo.

Mwaka huo, siku ya kufungua mvua, Mtukufu Mlezi wa Taifa alipanda jukwaani na kikohozi chake, ambacho kilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na walinzi wake wenyewe.

"Mwaka huu," akanguruma, "kila mwananchi apande! Asiyepanda..."

Hapo kikohozi kikamkamata, akashushwa kwa heshima zote, hotuba ikaishia pale. Apande nini? Waziri wa Kilimo akasema mahindi, kwani mvua ilikuwa inanyesha. Lakini Waziri wa Biashara alikuwa ameshaelewa vingine, na kufikia jioni sukari ilikuwa imepanda, na mafuta ya taa yamepanda. Mkuu wa wilaya mmoja huko pwani aliwatoa watu majumbani akawapandisha minazi. Wakavunjika saba, na yeye akapandishwa cheo. Mwisho akasimama Waziri wa Furaha na Mapokezi, ambaye shemeji yake alikuwa na shehena nzima ya bembea za mitumba bandarini, akasema kwa unyenyekevu kwamba kupanda ni kupanda bembea.

Ungedhani mtu angemwendea Mtukufu amwulize. Lakini kumwuliza Mtukufu maana ya neno lake ni kusema kwamba hakueleweka, na hilo lilikuwa na kifungo cha miaka minne. Waliouliza maana ya hotuba ya mwaka ule wa sukari ya kadi, mama zao bado wanawakumbuka.

Basi ikang'olewa mihogo ya watu mia tatu ili wananchi wapate mahali pa kupanda. Fedha ya mbolea ikanunua bembea. Uzio wa chuma ukazungushwa, na juu ya lango yakaandikwa maneno: BUSTANI YA KUPANDA YA TAIFA.

Katikati ya mashamba hayo ilikuwapo zahanati. Wajenzi walitaka kuivunja, ila ukutani pake palikuwa na jiwe la ufunguzi lenye jina la Mtukufu, na jiwe lenye jina la Mtukufu halihamishwi. Zahanati ikaachwa pale pale, ndani ya uzio. Hospitali nyingine ilikuwa ng'ambo ya milima, safari ya siku mbili, na daraja la kuendea huko waliahidiwa tangu Kidawa hajavunja ungo.

*

Bembea ya kwanza iliitwa Ngurumo: treni ndogo inayopandishwa juu taratibu kama mtu anayesitasita, kisha inaachiwa. Kiingilio kilikuwa sarafu mbili. Wakaja vijana. Walikuja kutoka kila kijiwe, hawana kazi, wana sarafu mbili na pumzi nyingi. Kidawa, aliyepoteza shamba akabaki na karai, alikaa nje ya lango akikaanga muhogo mkavu na pilipili, akauza kama hajawahi kuuza.

Tatizo lilikuwa kelele. Kila treni ilipoachiwa, vijana sitini walipiga ukelele mmoja: "Tunakufaaa! Jamani tunakufaaa!"

Kamishna wa Umati, Mheshimiwa Machupa, alisikia ukelele huo akiwa ofisini kwake. Kamishna huyu alikuwa mtu mpole mwenye suti ya kijivu na daftari. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wakikusanyika wanakusanyika vizuri. Akaandika: *Vijana sitini. Wanadai wanakufa. Wamepangwa na nani?*

Siku ya pili walikuja askari wakasubiri treni chini. Aliyesikika zaidi alikuwa Hamduni.

"Umesema nani anakufa?" askari wakamwuliza.

"Afande, ile ikishuka tumbo linapanda hadi hapa. Mtu anasema tu."

"Umesema 'tunakufa'. Wewe na nani?"

"Na waliokuwa kwenye treni."

"Wataje."

Hamduni akacheka, maana ndivyo alivyoumbwa. Kicheko kikaandikwa kama kosa la pili. Akapelekwa korokoroni, na Ngurumo ikafunguliwa nati, ikaondolewa.

*

Zikaletwa bembea za upole: farasi wa mbao wanaozunguka, na vikombe vikubwa vya rangi, kila kikombe kinakaa watu sita wakitazamana. Vijana wakatazama, wakasonya, wakaondoka. Kiingilio kikabaki kile kile. Wakaja wazee, akina mama, na mabibi wenye vitambaa vya kudarizi.

Kidawa hakuambiwa na mtu. Asubuhi ya kwanza aliangalia wanaoingia, akamwaga pilipili, akauchemsha muhogo kwa nazi hadi ukalainika kama usingizi. Karai likaisha kabla ya adhuhuri.

Tausi naye akawa anaingia ndani ya uzio kwenda kliniki bila shida. Nesi alimpima, akasema presha inapanda na miguu imevimba, aje kila wiki mbili bila kukosa, na akifikisha miezi minane alazwe pale pale asitoke. "Mimba hii si ya kuzalia nyumbani, mama," nesi akamwambia Kidawa. "Nakuambia mbele ya mwanao ili asiniite mwongo."

Lakini vile vikombe, jamani. Weka wazee sita wanatazamana, magoti yamegusana, wanazungushwa polepole kwa robo saa, hawana pa kwenda. Watafanya nini? Watazungumza.

"Bibi Sikitu, unakumbuka lile daraja?"

"Daraja gani? La kwanza au la pili?"

"Kulikuwa na la pili?"

"Mwanangu, la pili hata utepe walikata. Nilipiga vigelegele mimi mwenyewe. Walikata utepe, wakakunja utepe, wakaondoka na utepe."

Kicheko kikatoka kwenye kikombe kile, kikarukia kikombe cha pili. Walikumbushana mashamba, walikumbushana ushirika na nani alikula pamba ya mwaka gani, kwa jina na jina la baba. Kamishna alipojificha nyuma ya farasi wa mbao na kusikiliza, jasho lilimtoka hadi kwenye tai. Serikali ilikuwa imejenga, kwa fedha yake yenyewe, baraza linalozunguka.

Vikombe vikaondolewa kwa sababu za kiusalama.

*

Sasa kikapandishwa kiingilio. Sarafu arobaini. Wakaja wakubwa na watoto wao, magari yakapangwa, miwani ya jua ikavaliwa. Wakapanda mara moja, mara mbili, kisha hawakuonekana tena. Tajiri hapandi bembea kwa kuipenda; anapanda ili aonwe na asiyepanda, na wasiopanda walikuwa wamefukuzwa na bei hadi mtaa wa pili. Bustani ikabaki na upepo. Kidawa akabaki na karai la mafuta yaliyopoa, na mtoto wa miezi saba tumboni mwa mwanawe, upande usiofaa wa uzio.

Hapo ndipo Kamishna Machupa alipomjia, akakunja suruali asichafuke, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Shikamoo, mama."

Kidawa alishtuka kuamkiwa na suti. "Marahaba, Mheshimiwa. Nikukatie?"

"Kata. Mama, nimeangalia daftari langu. Kila tukibadilisha bembea, wewe umebadilisha chungu kabla sijaandika ripoti. Vijana walipokuja ulikuwa na pilipili. Wazee walipokuja ulikuwa na nazi. Nani anakupa taarifa?"

"Hakuna, baba. Mimi nauza muhogo miaka thelathini. Nikiukaanga mkavu, anakuja mwenye meno. Nikiuchemsha, anakuja asiye nayo. Nikipandisha bei, anakuja mwenye kiburi, anakula kipande kimoja, anaondoka. Sijawahi kumfukuza mteja wala kumwita. Muhogo ndio unachagua."

Kamishna akaacha kutafuna. "Rudia."

"Muhogo ndio unachagua."

Akaandika. "Na mtu usiyemtaka kabisa asogee? Mgonjwa, mnung'unikaji, mtu anayeharibu picha?"

Kidawa aliona mlango. Miaka yote hii serikali haijawahi kumwuliza swali, na sasa imekaa kwenye kigoda chake inalamba vidole. Alimfikiria Tausi na miguu yake iliyovimba kama mito, akafanya kosa ambalo hakuja kujisamehe: alijibu vizuri.

"Ukimkataza atakuja, baba. Mtu akikatazwa ndipo anapopata nguvu. Wewe usimkataze. Mwekee kitu ambacho mwili wake hauwezi. Atajikataza mwenyewe, na hatakulaumu."

Kamishna alifunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga msahafu.

"Mama, taifa linakushukuru. Omba chochote."

"Mwanangu afike zahanati tu. Ana presha, ana mimba."

"Hilo tu? Hilo si la kuomba, mama. Utaletewa kadi."

*

Kadi ililetwa kweli. Ilikuwa ya dhahabu pembeni, imeandikwa: *Mbeba kadi hii apande bure.* Ilikuwa na jina la Kidawa, bila nafasi ya jina la pili.

Na wiki ile ile, ndani ya Bustani, ushauri wake ulikuwa umejengwa kwa chuma. Njia ya miguu ya kwenda zahanati ilichimbwa shimo la kina cha minazi miwili, kwa sababu ilikuwa ikipitisha watu wasiopanda kitu, kinyume cha amri. Juu ya shimo kikawekwa Kipanga: viti vya chuma vya mtu mmoja mmoja, vinavyopandishwa kwa mnyororo hadi kileleni, vinageuzwa kichwa chini mara moja, kisha vinaporomoka hadi mlangoni pa zahanati. Hapakuwa na njia nyingine. Na pembeni ya ngazi palikuwa na ubao:

HAWARUHUSIWI KUPANDA: WAJAWAZITO. WENYE PRESHA. WENYE MOYO. WENYE HOMA. WENYE KIFAFA. WENYE MGONGO. NA WOTE WASIOFIKA KIJITI.

Kijiti kilikuwa kimesimamishwa chini ya ubao, kimechorwa mstari mwekundu wa kimo. Mwendesha mashine aliitwa Pazi, mtu wa makamo, zamani alikuwa mkulima jirani ya Kidawa. Sasa alikuwa na kofia.

"Pazi, mwanangu anakwenda kliniki."

"Naona, da Kidawa. Lakini ubao unasema wajawazito hapana."

"Pazi, huko ng'ambo ni zahanati. Nani anakwenda zahanati kama si mgonjwa?"

Pazi alikuwa ameshalifikiria hilo, maana mtu akishikilia mpini siku nzima anafikiri. "Wazima wanakwenda," akasema kwa sauti ndogo. "Wanapanda kwa raha zao, wanashukia pale, nesi anawapima, wanaonekana wazima. Kamishna ameshaandika ripoti. Tangu Kipanga kijengwe, wilaya hii haina mgonjwa hata mmoja."

Kidawa alikwenda kwenye dirisha la maombi maalumu. Karani alikuwa binti mwenye kucha ndefu, mpole sana.

"Inawezekana kabisa, mama. Lete tu cheti cha daktari kwamba mwanao si mjamzito."

"Lakini ni mjamzito."

"Basi cheti cha daktari kwamba ni mjamzito asiyedhurika."

"Daktari yuko wapi?"

Karani akaelekeza kwa ukucha, ng'ambo ya shimo.

Kidawa alirudi nyumbani akaketi. Maneno ni yake mwenyewe: *mwekee kitu ambacho mwili wake hauwezi.* Aliyasema kwa sauti yake tamu ya kuuzia. Alichukua ile kadi akataka kuichana, ikakataa. Ilikuwa ya plastiki. Tausi alikuwa amelala ubavu, anaona vinyota machoni, anasema, "Mama, usihangaike, labda vitapita." Vinyota havikupita. Mwezi wa nane ukaingia.

*

Ndipo ikatangazwa kwamba Mtukufu mwenyewe anakuja kuona jinsi wananchi walivyotii wakapanda.

Kamishna Machupa akakimbilia Bustani, akakuta watu kumi na mmoja, wote watoto wa mawaziri, wote wamenuna. Umati ulikuwa umechujwa kwa ustadi hadi umekwisha. Ikatoka amri kwa kila balozi wa nyumba kumi: siku hiyo kuingia ni bure, kila mtu aje, mzee kwa kijana, na asiyekuja aje kueleza kwa nini hakuja.

"Bure," Kidawa akamwambia Tausi, akimvika baibui kubwa. "Utasema umenenepa. Tukishavuka, tumefika."

Maskini Kidawa, mjuzi wa bei zote, hakuijua bei ya bure. Bei ikiwa kubwa mlango unazibwa na fedha. Pasipo bei, mlango unazibwa na migongo. Nchi nzima ilikuwa pale. Foleni ya Kipanga ilizunguka uzio mara tatu, ikipita katikati ya vyuma vya kuwapanga watu kama mbuzi wa josho.

"Mwenzangu, umefika lini hapa?" mzee mmoja alimwuliza aliye mbele yake.

"Nilikuja nikiwa kijana."

"Na mimi nilikuja na mke. Sijui ameolewa tena?"

Watu wakacheka. Walikuwapo wale vijana wa Ngurumo, na mabibi wa vikombe, wake wa wakubwa na miwani yao, wauza maji, mama wenye watoto mgongoni. Kwa mara ya kwanza tangu uzio usimame walikuwa wote mahali pamoja, na hawakulitambua hilo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaangalia kisogo cha mwenzake.

Saa nne Tausi alishika mkono wa mama yake akaubana hadi mifupa ikalia.

"Mama. Maji yametoka."

Bibi Sikitu, yule wa daraja la pili, alikuwa nyuma yao watu sita. Aliona baibui limelowa, akavua khanga yake ya juu bila kuuliza. "Zungukeni," akawaambia wanawake. "Wanaume geukeni mtazame mbinguni." Khanga zikainuliwa pande zote. Foleni iliendelea kusogea hatua moja moja, na chumba kile cha khanga kikasogea nayo, maana anayetoka kwenye mstari anarudi mwisho. Na katika chumba hicho, kati ya hatua moja na nyingine, Tausi alijifungua mtoto wa kike, mdogo, aliyelia kwa hasira kama aliyeambiwa asubiri.

Mtoto alitoka, lakini damu haikukatika.

"Hii si yetu," Bibi Sikitu akasema, mikono yake miekundu hadi kwenye viwiko. "Hii ni ya nesi. Sasa hivi, Kidawa."

"Pitisheni!" Kidawa akapaza sauti. "Ndugu zangu, pitisheni, mtoto wangu anatoka damu!"

Nao wakapitisha. Hakuna aliyeuliza nafasi ya nani. Tausi alibebwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, vijana wakampokea kwa wazee na wazee kwa wake wa wakubwa, hadi miguuni pa Pazi.

Pazi alimtazama, kisha akausoma ubao kutoka juu hadi chini kidole kikifuata maandishi. Mjamzito? Si mjamzito tena. Presha? Haionekani kwa macho. Homa? Hakuna. Damu haikuandikwa.

"Anaruhusiwa," akasema, na karibu alie kwa furaha. Akamfunga mkanda haraka kwenye kiti cha kwanza.

"Namfuata," Kidawa akasema, mtoto kifuani.

Pazi akatazama kile kichanga, kisha kijiti. "Huyo hafiki mstari, da Kidawa."

"Amezaliwa sasa hivi!"

"Ndiyo maana hafiki."

Kidawa aligeuka ampe mtoto Bibi Sikitu, aliyewafuata hadi pale. Kiti cha Tausi kilikuwa kimeshashikwa na mnyororo, kinapanda, ka, ka, ka, hadi kileleni. Na hapo hapo kipenga kikalia langoni. Mtukufu amewasili.

*

Katika nchi ile, Mtukufu akiwasili unapigwa Wimbo wa Mlezi, na ukipigwa Wimbo wa Mlezi kila kinachotembea kinasimama: watu, magari, mashine. Wimbo una beti tisa, ubeti mmoja kwa kila uchaguzi aliomshinda mtu ambaye hakuwapo.

Pazi akavuta breki, akasimama wima. Umati wote ukasimama wima. Kule ng'ambo nesi alisimama mlangoni pa zahanati, glavu mkononi, anatazama juu, wima. Na juu ya wote, kwenye kiti cha chuma, Tausi amening'inia, na tone moja moja linaanguka shimoni.

"Pazi, shusha," Kidawa alinong'ona.

"Nimesimama, da Kidawa." Midomo haikutikisika.

"Naona umesimama. Mkono uko jirani na mpini. Gusa tu."

"Ubeti wa ngapi huu?"

"Wa tatu."

"Bado sita. Mwambie avumilie."

"Damu haisubiri beti, Pazi."

"Wananitazama. Nina watoto wanne."

"Na mimi ninaye mmoja. Yule."

Ubeti wa nne ulisifu barabara. Wa tano ulisifu afya ya jamii. Kidawa alimweka mjukuu mikononi mwa Bibi Sikitu, akatembea. Umati wa nchi nzima ulimwona mwanamke mmoja anatembea Wimbo ukiimbwa, na hakuna aliyeamini macho yake. Aliushika mpini kwa mikono miwili. Haukwenda, ulikuwa na kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Pazi, na askari wawili walikuwa wameshafika. Walimshika, na kwa kuwa Wimbo ulikuwa haujaisha walimshika hali wamesimama wima, wakimwimbia masikioni hadi ubeti wa tisa.

Ndipo mnyororo ukaachiwa. Kiti kikageuka kichwa chini, kikarudi juu, kikaporomoka ng'ambo. Nesi alirukia mkanda. Aliweka vidole shingoni mwa Tausi, akaviacha pale muda mrefu, kisha akavitoa.

Mtukufu alikuwa ametazama yote kwa darubini.

"Yule msichana," akauliza, "mbona hakupiga kelele kama wengine?"

Kamishna Machupa akainama. "Ni utulivu, Mtukufu. Hakutikisika wakati wote wa Wimbo. Ndiye mfano wa umati tunaoujenga."

Mtukufu akaguswa. Akaagiza, pale pale, Nishani ya Utulivu, Daraja la Pili. Wasaidizi wakavuka wakambandika Tausi nishani kifuani, wakampiga picha akiwa ameketi, na Kidawa akasukumwa mbele ya kipaza sauti, akapewa karatasi yenye maneno mawili ya kushukuru kwa niaba ya familia.

Kidawa aliitazama karatasi. Akautazama umati, na yeye alijua kutazama umati. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti.

"Mwanangu amekufa," akasema.

Kamishna Machupa alifungua daftari kutafuta bei ya jambo hili. Hakuipata. Alikuwa amewajua wanaokuja kwa sarafu mbili na wanaokuja kwa arobaini, wanaozikimbia bembea za polepole na wanaoshindwa na za kasi. Hakuwa amekaa akafikiri juu ya msiba, ambao mtu haendi kwa kuupenda wala habaki nyumbani kwa kukosa nauli. Ukiusikia, unakwenda.

Wanaume walivua kofia. Pazi alivua ya kwake, akaiweka chini, akaukata uzi wa ule ufunguo shingoni. Vijana waling'oa vyuma vya foleni wakavifunga kwa khanga, ikawa machela. Wakavuka shimo wawili wawili wakining'inia kwenye mnyororo, wakamleta Tausi. Walipofika langoni wakakuta geti la chuma linalozunguka na kupitisha mtu mmoja mmoja. Machela haipiti kwenye geti la namna hiyo, na msiba haukai foleni. Hakuna aliyetoa amri, hakuna aliyesukuma kwa hasira. Walitembea tu, wote, na uzio ukalala mbele yao upande mzima wa kaskazini. Askari nao waliinamisha bunduki na kufuata, kwa kuwa kwao pia kuna mama. Magazeti ya kesho yake yaliripoti kwamba wananchi walitawanyika kwa furaha.

Kidawa hakuwa mbele, karibu na machela, mahali pa mfiwa. Watu walimtafuta wampe mkono wakamkosa. Alikuwa katikati ya umati, anakwenda kinyume chake, anapenya kati ya mabega, kichanga, alichokipokea tena kwa Bibi Sikitu, kiko kifuani kimeacha kulia na kuanza kunyonya hewa, na alikuwa anamwuliza kila mwanamke swali hilo hilo, sauti imemkauka:

"Nani ananyonyesha hapa? Dada, unanyonyesha? Nani ananyonyesha?"